New York: Mtihani mmoja wa masaa 3 ndio mlango wa shule ya Stuyvesant

Katika shule ya sekondari Stuyvesant, mjini New York, Marekani, wanafunzi wanasoma bila kulipa minerval. Shule ni ya serikali. Kazi ngumu ni kupata nafasi.

Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1904 kwa ajili ya wavulana tu. Wasichana wa kwanza waliingia mwaka 1969, baada ya msichana mmoja kwenda mahakamani. Kati ya waliosomea humo kuna Roald Hoffmann, aliyefika Marekani mwaka 1949 akiwa mtoto mkimbizi, na ambaye alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1981.

Kuhusu kuingia, sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1971 inataka mtihani peke yake. Maksi za darasani hazihesabiwi, mwalimu hawezi kumwombea mwanafunzi wake, na hakuna mkubwa wa kupelekewa bahasha. Mtoto wa miaka 13 hivi anajibu maswali ya hesabu na ya Kiingereza kwa muda wa masaa 3, basi.

Kwa nafasi zilizotolewa mwaka 2019, watoto zaidi ya 27 000 walifanya mtihani huo, na chini ya 5 000 walipata nafasi katika shule 8 zinazoutumia. Stuyvesant ilitoa nafasi 895. Watoto weusi walipata 7 tu, na wale wenye asili ya Amerika ya Kusini 33. Hata hivyo, makundi hayo mawili yalikuwa karibu asilimia 70 ya wanafunzi wa shule za serikali mjini humo.

Mwaka 2018, meya Bill de Blasio alipendekeza mtihani uondolewe, na nafasi zipewe wanafunzi bora wa kila shule. Wazazi wengi wenye asili ya Asia, ambao watoto wao ndio wengi Stuyvesant, walipinga. Kati yao kuna wahamiaji wanaojinyima ili kulipia watoto masomo ya ziada, na kwao mtihani haumwangalii mtu uso. Wapinzani wa mtihani wanajibu kwamba mtihani ni mmoja, lakini kuna mtoto aliyejiandaa miaka miwili na kuna aliyesikia habari zake dakika ya mwisho.

Bunge la jimbo halikupitisha pendekezo la meya, na mtihani ukabaki.