Ndege za kujiundia: Oili ikichemka angani hakuna pa kuegesha

UNAJUA ile hali. Matatu inapanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, imejaa hadi mlangoni, halafu mvuke unaanza kufuka kwenye boneti. Dereva anaegesha kando, makanga anaruka nje na kitambaa mkononi, mtungi wa maji unatafutwa. Abiria wananung'unika, mmoja anapiga picha ya kuweka mtandaoni. Baada ya dakika 20 hivi safari inaendelea.

Sasa chukulia injini hiyo iko angani, futi 3,000 juu ya ardhi, na aliyeifunga ni wewe mwenyewe, kwenye gereji ya nyumbani.

Kuna wasee wanaoishi na hesabu hii kila wikendi. Wengi wao wako Marekani, ambako sheria inamruhusu mtu kujiundia ndege mradi zaidi ya nusu ya kazi aifanye mwenyewe, kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Chama chao kikubwa, EAA, kilianzishwa 1953 jimboni Wisconsin, na kila Julai maelfu ya ndege hutua mjini Oshkosh kwa maonyesho yao. Ukipita katikati ya safu hizo utaona boneti zimefunguliwa na watu wameinama kuchungulia injini, kama tu Jumamosi mchana kwenye gereji za Grogan.

Wengi hufunga injini za Lycoming zilizotengenezewa ndege. Shida ni bei, maana mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ndiyo maana kikundi kidogo cha wabishi kiligeukia injini ya gari, tena si gari lolote. Walichagua injini ya Mazda RX-7, isiyokuwa na pistoni hata moja.

Wapenzi wa magari wanaijua. Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ya majaribio iliwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Badala ya pistoni kupanda na kushuka, ndani kuna rota, kitu cha pembetatu yenye mbavu zilizofura, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa. Mazda iliishikilia teknolojia hii wengine walipoiacha, na 1991 gari lake la 787B likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. (Usianze kuitafuta RX-7 ya kuagiza kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na hata RX-8 iliacha kutengenezwa 2012.)

Toleo linalopendwa na waunda ndege ni 13B. Lina rota mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu, lakini ukiizungusha mara 6,000 kwa dakika inakupa nguvu za kutosha kurusha ndege ya watu wawili. Rafadha haiwezi kwenda kasi hiyo, kwa hivyo giaboksi hupunguza mzunguko, mara nyingi kwa uwiano wa 2.17 au 2.85. Injini ni ndogo, haina mtetemo mwingi, na vipande vinavyosonga ni vichache. Mmarekani Tracy Crook aliirusha kwa miaka mingi katika ndege yake aina ya RV-4 na akawa kama mwalimu wa wenzake.

Basi raha tupu? Ngoja kwanza uangalie mita ya joto la oili.

Katika injini ya kawaida, pistoni inapopata joto hulipitisha kwenye ringi zake hadi ukuta wa silinda, na nyuma ya ukuta huo kuna maji. Oili husaidia, lakini mzigo mkubwa uko kwa maji na rejeta. Rota haina bahati hiyo. Inagusa kuta kwa sili nyembamba tu, kwa hivyo joto lake halina njia nzuri ya kufika kwenye maji. Njia iliyobaki ni kuirushia oili kwa ndani. Shafti ya katikati ina vitundu vinavyomwaga oili kwenye tumbo la rota, oili inachukua joto, inadondokea chini, halafu inapelekwa ikapozwe.

Matokeo yake ni kwamba karibu thuluthi moja ya joto lote ambalo vipoza vya injini hii vinapaswa kulitoa hupitia kwenye oili. Hiyo si kazi ndogo. Chukua makadirio ya kilowati 30 injini inapokazwa wakati wa kupanda. Ni kama birika 15 za umeme zikichemka kwa pamoja chini ya boneti, na birika hizo huzizimi mpaka utue.

Hapo ndipo wageni wa injini hii huanguka mtihani. Mtu ametoka kwenye dunia ya pistoni, anaweka rejeta kubwa ya maji, kisha anachomeka kipoza oili kadogo mahali palipobaki nafasi. Kwenye ardhi mambo ni shwari. Akiruka, maji yako sawa kabisa lakini oili inapanda, inapanda, na hakuna cha kufanya ila kurudisha nguvu chini na kutafuta uwanja.

Oili ikizidi joto huwa nyepesi kama maji ya ndizi, na beringi hukosa ule utando unaotenganisha chuma na chuma. Vipete vya mpira vilivyo kando ya rota, vinavyozuia oili isivuke hadi kwenye moto, hukauka na kuwa vigumu. Siku nyingine unapowasha injini, moshi wa buluu unakutangaza mtaa mzima. Springi za sili nazo hulegea. Mashabiki wa rota hupenda kusema kwamba injini yao huumia polepole na kukurudisha nyumbani hata ikiwa mgonjwa. Mimi ningesema hiyo ni sifa nzuri, ila sidhani ni mpango wa safari.

Kuna tofauti nyingine inayowachanganya marubani. Injini nyingi za Lycoming zinaruhusiwa kufikisha oili nyuzi 118 za Selsiasi. Wenye rota wengi hawataki oili inayoingia kwenye injini izidi nyuzi 100 hivi, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo maji ya kupoza rota. Rubani aliyezoea mita ya Lycoming anaweza kuona namba ambayo kwake ni ya kawaida, kumbe rota inaungua.

Dawa si kununua kipoza kikubwa tu. Kwa kweli kipoza cha RX-7 chenyewe kinasifiwa sana, na kuna wanaokiwinda kwenye vituo vya magari mabovu kuliko injini yenyewe. Dawa iko kwenye hewa, na hewa ni mvivu. Ukiiachia ufa wa upana wa kidole kando ya kipoza, itapitia hapo iache kazi. Kwa hivyo fundi makini huziba kila mwanya, pembe zote nne, kwa mpira na silikoni.

Halafu kuna njia yenyewe ya hewa. Mdomo wa kuingilia unatakiwa uwe mdogo kuliko uso wa kipoza, kisha njia ipanuke taratibu. Hewa ikifika penye nafasi hupunguza mwendo, na ikipunguza mwendo shinikizo lake huongezeka, nalo ndilo linaloisukuma kupita kwenye mapezi ya kipoza. Ukipanua kwa ghafla, hewa huachana na kuta na kuanza kuzungukazunguka kama umati uliokosa lango la uwanja. Upande mmoja wa kipoza unapata upepo, mwingine umelala.

Kosa ninaloliona la kibinadamu zaidi ni kupanua mdomo wa mbele oili inapochemka. Inaonekana ni akili ya kawaida kwamba joto likizidi unaleta hewa zaidi. Lakini mara nyingi tatizo liko nyuma, hewa haina pa kutokea. Chumba cha injini kimejaa shinikizo, na hewa mpya inafika mlangoni inakuta nyumba imejaa.

Waingereza walilifikiria jambo hili mapema. Katika miaka ya 1930 mhandisi F. W. Meredith alionyesha kuwa hewa iliyopashwa joto na rejeta, ikitolewa nyuma kupitia tundu lililopimwa vizuri, inaweza hata kuisukuma ndege kidogo na kufidia sehemu ya ukinzani wa upepo. Ndege ya kivita ya Mustang P-51 ilitumia mbinu hiyo. Lile tumbo lake chini ya rubani lilibeba rejeta na kipoza oili pamoja.

Saa mbaya zaidi ni wakati wa kupanda. Injini inatoa nguvu zote, ndege inakwenda polepole. Tuseme unapanda kwa kilomita 160 kwa saa na ukisafiri tambarare unafika 320. Kasi ni mara mbili, lakini shinikizo la hewa mdomoni ni mara nne. Kwa kilomita 160, usawa wa bahari, shinikizo lote unalopewa na upepo linainua maji kwenye mrija kwa sentimita 12 tu. Huo ndio mtaji wako.

Na si lugha ya mfano tu. Waunda ndege hupima hivyo kweli, kwa mrija laini unaopitisha mwanga na maji yenye rangi, ncha moja mbele ya kipoza, nyingine nyuma, na rubani anasoma tofauti akiwa angani. Jua kali safi kabisa.

Mwinuko nao una lake. Denver, kama Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwa mwinuko wa Nairobi hewa ni hafifu kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini hupoteza nguvu pia, kwa hivyo joto hupungua kidogo. Ila aliyefunga tabo nguvu zake ziko palepale, na hewa ya kumpoza haipo.

Ndege ikikamilika, mamlaka ya Marekani kwa kawaida humtaka mwenye injini isiyo na cheti arushe saa 40 za majaribio, badala ya 25 za mwenye injini na rafadha zenye cheti. Saa hizo hurushwa katika eneo alilopangiwa, bila abiria. Wenye rota wengi huanza kwa kuzunguka juu ya uwanja, ili injini ikileta maneno waweze kushuka bila kuitegemea. Wanapanda dakika mbili, wanatazama mita, wanalaza pua ipoe, wanapanda tena. Wakitua, wanafungua boneti, wanakata kipande kingine cha mpira na kuziba ufa ambao jana haukuonekana.