Wanga wa Viazi kwa Nyota za Krismasi

Nyota na kengele za uzi zinazofumwa na akina mama kwa sindano ya krosheti hupendeza, lakini zikilegea hazina mnunuzi. Dawa yake ni wanga. Mkulima mwenye viazi hana haja ya kuununua, kwa maana vile vidogo visivyouzika vyatosha.

Osha viazi, vikune, uvichanganye na maji na kuvichuja kwa kitambaa. Acha maji yatulie saa moja. Wanga mweupe utazama chini. Mwaga maji, uuanike wanga mpaka ukauke. Makapi mpe ng'ombe, lakini si ya viazi vilivyogeuka kijani, kwa maana vina sumu.

Koroga vijiko vikubwa 2 vya wanga katika nusu kikombe cha maji baridi ili usifanye madonge. Ongeza kikombe 1 cha maji, upike huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Moto ndio uufanyao wanga uvimbe na kushika. Usiopikwa hupukutika kama vumbi.

Fua nyota kwanza, kwa sababu uzi wenye mafuta haunywi wanga. Itumbukize katika uji vuguvugu, ikamue, kisha uitandaze juu ya ubao uliofunikwa karatasi ya nailoni. Vuta kila pembe, uishike kwa pini zisizoshika kutu. Kengele ivishe juu ya chupa ndogo. Usiziondoe mpaka zikauke kabisa.

Sikukuu ikiisha, zifue wanga utoke, maana mende hupenda wanga. Mwaka ujao utatia mwingine.