Goma: Rada ya angani iliyoona magma chini ya mji

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Constant Ndima, aliwaamuru wakaaji wa mitaa 10 ya Goma kuhama. Wengi walishangaa. Lava ya Nyiragongo, iliyotoka Juma Mosi tarehe 22 na kuteketeza nyumba upande wa Buhene, ilikuwa imekwisha kusimama karibu na uwanja wa ndege. Sasa wakimbie nini?

Wakimbie kitu kisichoonekana kwa macho. Matetemeko yalitikisa mji usiku na mchana, na picha za rada zilionyesha ardhi imesogea kwa mstari kutoka kwenye volkano, kupitia chini ya mji, mpaka ziwani Kivu.

Setilaiti kama Sentinel-1 ya Ulaya inapita juu karibu kilometa 700. Inatuma mawimbi chini, yanagonga ardhi na kurudi. Giza haliizuii, wala mawingu, na Nyiragongo haikosi mawingu. Wataalamu wanalinganisha picha mbili za mahali pamoja: ardhi ikiwa imepanda au kushuka hata sentimeta chache, wimbi la pili linarudi na tofauti. Ni rada za angani pia zinazopima kimo cha barafu ya Greenland, kujua inapungua kiasi gani.

Hofu kubwa ilikuwa ziwa, kwa sababu maji yake ya chini yamejaa gesi. Karibu watu 400,000 walitoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Wengi walilala nje. Watoto wakapotezana na wazazi. Lava ya pili haikutoka, na tarehe 7 Juni serikali ikaanza kuwarudisha watu.

Walihamishwa bure? Hapana. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Nature ulihakikisha kwamba magma ilifika kweli chini ya Goma, chini ya mita 500 tu kutoka juu. Lakini haikutoka juu.

Utafiti huohuo unasema dalili zilionekana chini ya saa moja kabla ya mlipuko. Setilaiti inayorudi baada ya siku kadhaa haiwezi kuziwahi. Wa kuziwahi ni mitambo ya matetemeko ya kituo cha OVG, hapa Goma, na miezi kabla ya mlipuko kituo hicho kilikosa hata pesa ya kulipia intaneti.