Pamba ya Simiyu na magoti yanayoilima

Msimu wa ununuzi unapofunguliwa, barabara za Bariadi hujaa mikokoteni ya ng'ombe iliyosheheni pamba. Tazama magoti ya wanaoshusha mizigo kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: mama wa makamo anashika ubao wa mkokoteni, anatanguliza mguu mzima, kisha anauvuta ule unaouma. Ukimuuliza, atakwambia ute wa goti umekwisha.

Mara nyingi kinacholika ni gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa. Una unene wa milimita chache tu na sehemu yake kubwa ni maji. Kwa kuwa hauna mishipa ya damu, ukiharibika hauponi kama kidonda cha ngozi. Daktari William Hunter aliliandika hilo London mwaka 1743. Kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito miaka nenda rudi huongeza hatari, na mkulima wa pamba hana kazi nyingine.

Ndiyo maana habari kutoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, inapaswa kusikika hadi Maswa na Meatu. Mwaka 2020, timu ya Benjamin Wiley na Ken Gall ilitangaza haidrojeli, yaani jeli iliyojaa maji, yenye uimara wa gegedu. Mwaka 2022 wakaeleza nyingine inayolishinda gegedu halisi kwa kuvutwa na kwa kukandamizwa. Ndani yake mna nyuzi za selulosi zilizoshikamana na polivinili alkoholi, plastiki inayokaa na maji. Selulosi hiyo hutengenezwa na bakteria, nayo ndiyo hiyohiyo inayofanya zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi wa pamba. Nyuzi za bakteria ni nyembamba mno, hivyo pamba haipachikwi gotini ilivyo. Hata hivyo, ningependa kuona wataalamu wa pamba wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ukiriguru na madaktari bingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wakikaa meza moja kuijaribu.

Tusiharakishe. Kipandikizi cha Cartiva, cha polivinili alkoholi, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa kidole gumba cha mguu. Mwaka 2024 kikaondolewa sokoni kwa sababu kilishindwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa.

Tena, vifaa hivi vinalenga tundu dogo kwenye gegedu. Goti lililosagika lote hubadilishwa kwa upasuaji, na kwa mtu wa Itilima safari ya MOI, Dar es Salaam, ni ndefu na ya gharama. Mama yule angefika hospitali ya mkoa goti lilipoanza kuvimba, angefundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo hupunguza maumivu na hayahitaji kifaa chochote.