Kutoka Kituo cha Daladala Hadi Mlango wa Supamaketi

Akina mama wengi wa mijini siku hizi hununua mahitaji ya nyumbani mahali pawili. Sokoni tunafuata mboga, nyanya, dagaa na samaki. Supamaketi tunafuata maziwa ya mtoto, sabuni, mafuta ya kupikia na madaftari ya shule. Wengi tunaokwenda huko hatuna gari. Tunapanda daladala, tunashuka kituoni, tunatembea kwa miguu hadi dukani, kisha tunarudi njia ile ile tukiwa na mizigo mikononi na pengine mtoto mgongoni.

Safari hiyo ya kutoka kituoni hadi mlangoni ni fupi sana. Pengine haizidi mita mia mbili. Kwa sababu ya ufupi wake hatuihesabu kuwa safari, wala hatuiombei tahadhari kama tunavyofanya kwa safari ya kwenda mkoani. Lakini sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua kwamba watu huumia katika safari fupi kama hizo, na kwamba madhara mengi yangeweza kuzuilika kwa rangi, matofali na geti dogo. Ndiyo maana tunaomba tuzungumze jambo hili kwa utulivu, nyumba kwa nyumba.

DUKA LILILOJENGWA KWA AJILI YA GARI

Supamaketi haikuanzia kwetu. Mwaka 1930 Mmarekani aitwaye Michael Cullen alifungua duka la King Kullen katika eneo la Queens, mjini New York. Alichagua mahali ambapo kodi ya pango ilikuwa nafuu, akauza vitu vingi kwa bei ya chini, akaweka na nafasi ya kuegesha magari. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mwenye gari hununua mzigo mkubwa kwa mara moja. Mfano huo ulienea duniani. Duka likawa nyuma, uwanja wa magari mbele yake, na barabara kubwa mbele ya uwanja.

Mfano huo ulipofika kwetu haukubadilishwa sana. Mlimani City ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 2006 kando ya Barabara ya Sam Nujoma, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenye maduka wamebadilika tangu hapo. Shoprite iliondoka nchini mwaka 2014, Nakumatt ikachukua nafasi yake, nayo Nakumatt ikaja kufungwa. Lakini uwanja mpana wa magari umebaki pale pale, na abiria wa daladala bado hushuka barabarani akamalizia kwa miguu. Nairobi nako, Thika Road Mall ilifunguliwa mwaka 2013 pale Roysambu, kando ya Barabara ya Thika yenye njia nane. Mteja anayetoka upande wa pili hulazimika kupanda daraja la waenda kwa miguu na mizigo yake.

Hatusemi maduka haya ni mabaya. Yametupa ajira, vyoo safi na mahali pa kununulia dawa usiku. Tunasema tu kwamba mchoraji wa ramani alimfikiria kwanza mgeni mwenye gari. Yule anayekuja kwa miguu aliachwa ajitafutie njia. Tena tukumbuke kwamba anayekuja kwa miguu si mteja peke yake. Ni binti wa kwenye mashine ya fedha, ni mfagiaji, ni mpishi wa mgahawani, ni mlinzi wa zamu ya usiku. Hao hupita pale kila siku ya kazi, alfajiri na usiku, mvua na jua.

MAHALI PATATU PA KUANGALIA

Ukiifuata njia ya mama huyu utaona hatari ziko mahali patatu.

Pa kwanza ni kituoni. Konda anaita, abiria wanajibu "Shusha!", gari linasimama kwa haraka. Ngazi ya daladala iko juu, chini pana mtaro au changarawe, na nyuma bodaboda inapenya kati ya gari na ukingo wa barabara. Mama akishuka akiwa na mtoto, huweka mguu chini kabla hajaona kinachokuja. Iwapo duka liko upande wa pili, hujaribiwa kuvuka mbele ya daladala ile ile aliyoshuka, mahali ambapo dereva anayelipita gari hilo hamwoni kabisa.

Pa pili ni getini. Geti la magari ni pana, lina kizuizi, lina mlinzi wa kutoa tiketi. Mara nyingi geti la watu halipo, au lipo limefungwa kwa kufuli. Kwa hiyo mtu hupita palepale linapopita gari, na dereva anayeingia macho yake yako kwenye tiketi na nafasi ya kuegesha.

Pa tatu ni uwanjani penyewe. Hapa watu husahau hatari kwa sababu magari yanakwenda polepole. Lakini magari hayo yanarudi nyuma. Mtoto wa miaka mitatu hafikii usawa wa kioo cha nyuma cha magari mengi makubwa ya siku hizi. Akisimama nyuma ya bampa, dereva akiangalia kwenye vioo vyake anaona uwanja mtupu. Kamera za nyuma zinasaidia, ila si kila gari linayo, na tope la masika huziba ile iliyopo. Uwanja nao hauna njia ya pembeni, kwa hiyo mwenye toroli, mwenye mtoto na mzee mwenye fimbo wote hutembea kwenye njia ya magari.

TUNAYOYAONA WODINI

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki.

Hizo ni namba. Wodini tunakutana na mguu wa mtoto uliopitiwa na gurudumu, au nyonga ya bibi aliyeangushwa na gari lililokuwa likirudi nyuma taratibu. Watu husema, "Gari halikuwa na mwendo." Ni kweli, lakini mwili wa mtoto hauhitaji mwendo mkubwa ili uumie, na mfupa wa mzee hauhitaji pigo kubwa ili uvunjike. Mzee aliyevunjika nyonga hulala muda mrefu, hupata vidonda vya mgongo, hupata homa ya mapafu, na wengine hawarudi tena kwenye hali waliyokuwa nayo. Binti yake huacha biashara ili amuuguze. Hivyo ajali ya dakika moja hula mtaji wa nyumba nzima.

Mwendo nao una hesabu yake. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. La kilomita 30 hupita mita 8, na la kilomita 10 halifiki mita 3. Dereva akishtuka, sekunde moja hupita kabla mguu haujakanyaga breki sawasawa. Kwa hiyo tofauti ya mwendo huo ndiyo tofauti ya kumkosa mtoto au kumgonga.

KILICHOWEZEKANA

Wapo wanaodhani mambo haya hubadilika kwa fedha nyingi za kigeni tu. Tuangalie mfano wa hapa hapa. Shirika la Amend lilianza kazi ya kulinda njia za watoto wa shule za msingi jijini Dar es Salaam kwa mpango uitwao SARSAI. Walikwenda kwenye shule zenye hatari, wakaangalia watoto wanapita wapi, kisha wakaweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo za kuzuia magari. Majeraha ya watoto yalipungua kwa takribani robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, na umefika katika nchi nyingine za Afrika. Kilichofanya kazi kwenye geti la shule hakishindwi kufanya kazi kwenye geti la duka.

Sisi nasi, akina mama wachache wa mtaa mmoja, tulijaribu jambo dogo. Jumamosi moja asubuhi tulisimama nje ya supamaketi tunayonunua, ambayo hatutaitaja, tukaangalia watu wanavyoingia. Waliofika kwa miguu walikuwa wengi kuliko waliofika kwa gari. Tulipomfuata mlinzi alituambia, "Mama, hapa ni pa magari." Tukamwuliza, "Sasa kaka, sisi tupite wapi?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Piteni hapo hapo, ila mwangalie."

Jibu lake halikuwa la ukorofi. Alisema ukweli wa mahali alipowekwa. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja, tukachora na ramani ndogo, tukaomba mambo mawili tu: geti dogo la pembeni lililofungwa lifunguliwe, na njia ya kutoka hapo hadi mlangoni ipigwe rangi. Wiki kadhaa zikapita kimya. Tulirudi mara ya pili, na ya tatu. Hatimaye geti lilifunguliwa na mistari ikapigwa. Tatizo la kituo halijaisha. Daladala bado zinashusha watu ukingoni mwa mtaro, na barua yetu ya pili bado inasubiri majibu. Lakini asubuhi ukipita pale utawaona wafanyakazi wakiingia kwa geti lao.

NANI AULIZWE NINI

Barua nyingi hupotea kwa sababu zimepelekwa kwa asiyehusika. Hapa Tanzania, ndani ya uzio wa duka mhusika ni mwenye jengo. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Usafiri wa daladala husimamiwa na LATRA, na madereva wakorofi ni kazi ya askari wa usalama barabarani. Anzieni kwa mwenyekiti wa mtaa, awape muhuri na utambulisho.

Kwa ndugu zetu wenye ulemavu ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Kiti cha magurudumu hakiwezi kupanda ukingo wa sentimita ishirini. Mteremko mdogo wa zege ungemfaa yeye, ungemfaa pia mama mwenye toroli.

Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yametuonyesha kwamba inawezekana sakafu ya kituo ikalingana na mlango wa basi. Awamu ya mradi huo inayohusu Barabara ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo, ni nafasi nzuri ya kuuliza mapema: mtu akishuka, atafikaje dukani?

YALIYO MIKONONI MWETU

Wakati tunasubiri, tufanye haya:

1. Kabla ya kushuka, mshike mtoto mkono, mizigo ishike mkono mwingine. Shuka wewe kwanza, angalia nyuma kama kuna pikipiki, kisha mteremshe mtoto.

2. Usivuke mbele ya daladala. Ngoja iondoke ili uone na uonekane.

3. Uwanjani, mtoto mdogo abebwe au akae kwenye toroli, asitembee mbele yako. Ukiona taa nyeupe za nyuma zimewaka, gari hilo limewekwa rivasi. Simama.

4. Jioni vaeni kitu cheupe. Khanga nyeusi haionekani saa moja usiku.

5. Kaka dereva na dada dereva, egesha kwa kurudi nyuma ili ukitoka utoke ukiangalia mbele. Zunguka gari kwa miguu kabla ya kuwasha.

6. Ajali ikitokea, usimvute majeruhi kwa nguvu wala kumkalisha. Angalia kama anapumua. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Mtoto aliyegongwa kichwa apelekwe hospitali hata akiwa anacheza, na hasa akitapika, akisinzia kupita kawaida au akichanganyikiwa. Fomu ya polisi, PF3, ifuatwe na mtu mwingine. Uhai haupaswi kuingoja.

Ndugu msomaji, safari ijayo ukishuka kituoni usipite haraka kama tulivyozoea. Hesabu hatua zako hadi mlangoni, na uandike ni wapi ulilazimika kumpisha gari mahali ambapo hapakuwa na pa kupisha. Karatasi hiyo mpe mwenzako aongeze ya kwake. Ikijaa, mnayo barua.