Waliopo na Wanaoingia

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba Bukoba mjini asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi, na wilayani Muleba asilimia 10. Baadaye Bukoba mjini ilishuka hadi asilimia 13.3 mwaka 1996, na Muleba hadi 4.3 mwaka 1999. Wengi wakisoma hapo husema maambukizi yalipungua. Huenda wamepatia, ila tarakimu hizo peke yake hazithibitishi hivyo. Tatizo ni neno letu hilo, maambukizi, tunalolibebesha mizigo miwili ambayo Kiingereza kimeitenganisha. Prevalence, ambayo wataalamu wetu huiita ushamiri, huhesabu wote wanaoishi na virusi wakati fulani. Incidence huhesabu walioambukizwa ndani ya kipindi fulani, yaani maambukizi mapya.

Fikiria shule. Wanafunzi wote waliomo ni ushamiri. Walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huu ni maambukizi mapya. Idadi ya shule nzima yaweza kupungua na uandikishaji usipungue hata kidogo, kwa kuwa wengi wameondoka. Katika Kagera ya miaka ile, kuondoka kulikuwa kufa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo, na aliyeambukizwa aliishi kwa kawaida miaka kama kumi. Kila aliyezikwa kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani kwake, aliupunguza ushamiri wa mkoa, na takwimu ikazidi kupendeza. Ndiyo maana kazi ya watafiti waliorudi kuwapima tena watu waliokuwa salama ina thamani kubwa. Waligundua kuwa Bukoba mjini maambukizi mapya yalishuka kutoka 47.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, mwaka 1989, hadi 9.1 mwaka 1996. Hapo vifo haviwezi kuwa maelezo. Mtu anaweza kudai kwamba waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wameshaambukizwa wote, hivyo hapakubaki wa kuambukizwa. Lakini kila mwaka vijana wapya hufikia umri wa hatari, na miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 24 mjini humo ushamiri ulishuka kutoka asilimia 27.6 mwaka 1987 hadi 11.2 mwaka 1993. Vijana hao walikuwa wamebadili mwenendo.

Ni kweli kwamba maambukizi mapya ni magumu kuyapima, na kwamba hospitali inayoagiza dawa inahitaji kujua waliopo, si wanaoingia tu. Ushamiri una kazi yake, lakini si kazi ya kutuambia kama tunashinda. Tangu dawa zilipoanza kutolewa bure mwishoni mwa 2004, walioambukizwa wanaishi, na kuishi kwao kunaupandisha ushamiri. Mwaka 2011/12 ushamiri wa Kagera ulikuwa asilimia 4.8, mwaka 2016/17 ulizidi 6. Asomaye tarakimu hiyo peke yake atawalaumu watu wa Kagera kwa uzembe, ilhali sehemu ya ongezeko hilo ni baba na mama ambao mwaka 1990 wangekuwa wameshazikwa. Kwa hiyo kiongozi akisimama jukwaani na kutangaza kwamba maambukizi yamepanda au yameshuka, mwulize: unawahesabu waliopo, au wanaoingia?