Kwa nini wafamasia wana kazi nyingi lakini ajira chache magharibi mwa Uganda?

Kijana anayehitimu shahada ya famasia nchini Uganda hukutana na fumbo gumu. Mahitaji ya taaluma yake yameongezeka mno, hususan katika wilaya za mpakani kama Kasese, lakini nafasi za kuajiriwa huko ni za kuhesabu kwa vidole.

Wilaya ya Kasese, iliyotanda chini ya milima ya Rwenzori, ilikuwa na wakazi wapatao 695,000 katika sensa ya mwaka 2014. Upande wake wa magharibi upo mji wa Bwera, na mbele yake kidogo kivuko cha Mpondwe, kinachoelekea Kasindi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Congo husikilizana lugha, huoana, huuziana kahawa na vitenge, na hutibiwa popote palipo karibu. Mgonjwa anayetoka Beni au Butembo huvuka na dawa alizopewa kwao, na lebo zake zimeandikwa kwa Kifaransa.

Hapo ndipo ugumu wa kazi unapoanza. Anayempokea mgonjwa huyo dirishani anapaswa kutambua ni dawa gani, ameinywa kwa siku ngapi, na iwapo inaweza kuchanganywa na ile anayokaribia kupewa.

Kutoka kuhesabu vidonge

Kwa miaka mingi mfamasia alieleweka kuwa mtu wa kutengeneza dawa, na viwanda vilipoichukua kazi hiyo, akabaki kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha. Mtazamo huo haujatoweka. Nchini Uganda yeyote aliyevaa koti jeupe huitwa "musawo", awe daktari, muuguzi au muuza duka, na jina hilo moja huficha tofauti kubwa ya mafunzo. Mfamasia husoma shahada kwa miaka 4, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa. Kwa kijana wa Kasese, vyuo vilivyo karibu ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na tawi la magharibi la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, lililopo Ishaka. Hospitali ya Rufaa ya Fort Portal ni miongoni mwa zinazopokea wahitimu wa mwaka huo wa vitendo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi ilivyobadilika. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi na kutumia dolutegravir, dawa ya ARV iliyoenea sana sasa, akipata kifua kikuu hupewa dawa nyingine iitwayo rifampicin. Rifampicin hulifanya ini liiondoe dolutegravir mwilini kwa kasi, hivyo mgonjwa mzima hulazimika kunywa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Rifampicin hiyohiyo hupunguza nguvu za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Asiyeambiwa atashangaa kupata mimba, au atagundua baada ya miezi kadhaa kwamba virusi vimeongezeka. Dawa zote hizo zilikuwa halali na hazikuwa zimepita muda wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitazama kwa pamoja.

Kazi hiyo ndiyo inayotarajiwa kwa mfamasia wa leo: kuusoma upya uamuzi wa daktari, kuuliza, kumweleza mgonjwa, kufuatilia matumizi ya antibiotiki wodini na kuripoti madhara kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Wengi hawamwoni akiifanya, na huenda ndiyo sababu ni vigumu kuiombea bajeti.

Mafunzo ya mpakani

Mnamo Juni 11, 2019, Uganda ilithibitisha kuwa mvulana wa miaka 5 aliyevuka kutoka Congo ana Ebola. Familia yake ilikuwa imempeleka Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola Bwera, alikofariki. Bibi yake na mdogo wake nao walifariki. Siku chache baadaye chanjo ilianza kutolewa kwa waliokutana nao na kwa wahudumu wa afya.

Chanjo hiyo inahitaji kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, au zaidi. Majokofu ya kawaida ya chanjo za watoto hayafiki hata karibu na hapo. Kila chupa inayotolewa kwenye baridi hiyo huanza kuhesabiwa muda, na kila dozi lazima ijulikane imekwenda kwa nani. Magari ya wagonjwa na mavazi ya kujikinga yalionekana katika picha za habari. Hesabu za stoo hazikupigwa picha.

Kaskazini ya hapo, mkoani Ituri, Congo ilikuwa imekwisha kupata somo jingine. Kati ya mwishoni mwa 2014 na katikati ya 2015, zaidi ya watu 1,000 walifika hospitalini wakiwa wamekakamaa shingo, uso na ulimi. Awali ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulibaini kuwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Mahali ambapo vidonge huuzwa kwa kuchotwa kutoka kopo la 1,000, bila boksi wala karatasi ya maelezo, mnunuzi hana namna ya kushuku.

Ajira iko wapi?

Mwajiri wa kwanza ni serikali. Kwa muda mrefu muundo wa utumishi uliipa hospitali ya ngazi ya wilaya, kama ile ya Bwera, nafasi ya mfamasia mmoja tu. Vituo vya afya vya daraja la 4 vilitengewa mtoa dawa mwenye stashahada, na vya chini ya hapo havikutengewa yeyote. Muuguzi hutibu na hutoa dawa yeye mwenyewe.

Hesabu hiyo ilifuata dhana ya kwamba dawa hutoka Bohari Kuu ya Taifa, NMS, na kazi ya wilayani ni kuzigawa. Kwa vituo vya daraja la 2 na la 3 kuna ukweli fulani, kwa kuwa hupelekewa vifurushi vilivyokwisha pangwa. Lakini hospitali na vituo vya daraja la 4 huagiza zenyewe kulingana na makadirio yao, na shehena huja kila baada ya miezi 2. Anayekadiria vibaya malaria ya msimu wa mvua hukaa na rafu tupu hadi zamu ijayo, na mgonjwa huelekezwa akanunue nje. Katika Bwera makadirio hayo lazima yawahesabu pia watu ambao hawamo katika sensa ya Uganda.

Serikali iliongeza mishahara ya wanasayansi, wakiwemo wahudumu wa afya, katika mwaka wa fedha 2022/23. Hatua hiyo ilizifanya nafasi za umma zigombewe zaidi, bila kuziongeza.

Hospitali za makanisa, kama Kagando, nazo huajiri, ingawa hutegemea ada za wagonjwa na misaada. Hospitali ya Kilembe Mines iliharibiwa vibaya na mafuriko ya mto Nyamwamba mwezi Mei 2020, na pigo kama hilo halilipotezi jengo pekee, hupoteza na ajira.

Sekta binafsi ndiyo ingetazamiwa kuwa kimbilio. Sheria ya dawa ya mwaka 1993 inatofautisha famasi, ambayo lazima isimamiwe na mfamasia, na duka la dawa, linaloweza kuendeshwa na muuguzi au mkunga na haliruhusiwi kuuza dawa zinazohitaji cheti cha daktari. Maduka ya aina hiyo ndiyo yaliyoenea vijijini, na antibiotiki hupatikana humo licha ya katazo. Hata famasi nyingine hukodi cheti cha mfamasia na kukitundika ukutani, mwenyewe akionekana kwa nadra. Tabia hiyo humpa mwenye cheti kipato kidogo, na humnyima mhitimu mwenzake mshahara kamili.

Tanzania ilijaribu njia tofauti. Kuanzia mwaka 2003, mkoani Ruvuma, iliwafunza wauzaji wa vijijini na kuyasajili maduka yao kuwa Maduka ya Dawa Muhimu, yakiruhusiwa orodha fupi ya dawa za cheti. Uganda iliijaribu njia hiyo wilayani Kibaale. Wapo wafamasia wanaoiona kuwa ni kuwapa wengine kazi yao. Hoja hiyo ni dhaifu mahali ambapo hakuna mfamasia aliye tayari kufungua famasi. Maduka hayo yangehitaji wakaguzi na wakufunzi, na hizo nazo ni ajira, ilimradi apatikane wa kuzilipia.

Mlango wa nne umesinyaa hivi karibuni. Miradi ya Ukimwi na kifua kikuu iliyofadhiliwa na Marekani iliwaajiri wafamasia wengi kusimamia ugavi wa dawa. Ufadhili huo ulipositishwa Januari 2025, mikataba mingi ilikatika, na mwezi uliofuata Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za Ukimwi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Wagonjwa wa rifampicin na dolutegravir sasa hupanga foleni katika dirisha lilelile la malaria na kikohozi.

Viwanda vya dawa, kama kile cha Quality Chemical kilichopo Luzira, vinavutia vijana kuelekea Kampala. Kwa anayetaka kubaki Kasese, njia kuu bado ni Tume ya Utumishi ya Wilaya, ambayo hutangaza nafasi baada ya kupata kibali cha Wizara ya Utumishi wa Umma na uthibitisho kwamba fedha za mshahara zipo. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1.